Mbegu ya Juu ya Meko

Ziwa, Eldoret
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Mimi na Diana tulifika salama, na ng'ombe naye ameacha ule ukaidi wake wa kupiga ndoo teke. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia inashikwa na shemeji Mabonga, naye anaiweka kwenye spika, na kabla sijamaliza salamu nasikia boma zima likinijibu. Bethwel, dereva wa lori la mahindi, hupita Kimilili mara kwa mara, na amekubali kubeba barua zetu mradi tusimpe kitu kinachovuja.

Mama, yale yaliyosemwa nyumbani baada ya kumbukumbu ya Wabuge sijayasahau. Mzee Kituyi alisema mjane hawezi kukaa ugenini kwenye ekari mbili zisizomlisha. Nikapewa msimu mmoja. Shamba likionyesha kitu, nibaki. Lisipoonyesha, liuzwe, nami nirudi Kimilili na mtoto. Nilikubali mbele ya wote, kwa hiyo silalamiki.

Ila mahindi nimeyaacha. Mwaka jana yalikauka kabla ya kubeba, na hata yangebeba, huku kila mtu ni mahindi, wenye trekta na maghala yao. Nilienda Eldoret kwenye maduka ya mbegu kuuliza ni kitu gani kingine ardhi hii inakubali. Duka la kwanza waliniambia mahindi. La pili pia wakaniambia mahindi, lakini ya mfuko wa kijani.

Basi nimeamua kuiuliza ardhi yenyewe. Nimeligawa shamba vipande vinne. Kimoja nitaweka njugu, kingine viazi vitamu. Cha tatu ni viazi mviringo. Mbegu nitapewa na jirani yangu Mama Mwihaki, ambaye watu wake walitoka Nyandarua na kwake chakula kisicho na viazi ni mchezo tu. Kipande cha nne, kile kikubwa kando ya kisima alichochimba Wabuge, nataka kupanda wimbi.

Naomba mbegu yako, Mama, ile unayoitundika juu ya meko. Wabuge alikuwa akinywa uji wangu na kuusifu, halafu anaongeza kwamba wa kwenu ulikuwa mzito zaidi. Ulinifundisha mwenyewe, siku uliponiwashia meko yangu ya kwanza, kwamba mke huomba mbegu kwa mama mkwe wake na haendi kwa jirani. Sasa naomba.

Mkaza mwanao,
Nasike

*

Kimilili
16 Machi 2025

Nasike mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikairudia, halafu nikaificha chini ya mto kwa sababu Mabonga ana shingo ndefu.

Mahindi umefanya vizuri kuyaacha. Anayeshindana na ndovu kunya hupasuka msamba, na usishangae, hata sisi wazee wa kanisa tunazijua hizo mithali. Lakini haya mengine sikuyapenda, na nakwambia wazi. Una nyumba hapa. Kuna chumba, kuna shule karibu, na mimi nipo. Tangu mwende nyumba hii ina vikombe vingi kuliko watu. Asubuhi napika uji kwa ile sufuria kubwa kwa sababu mkono umezoea, halafu nakumbuka, nusu inaenda kwa kuku. Kuku wamenenepa, mimi nimekonda.

Hata hivyo mbegu haikataliwi mke wa mwana. Nimempa Bethwel mzigo wako. Njugu ziko kwenye mfuko mweupe. Marando ya viazi vitamu nimeyafunga kwa majani ya ndizi, uyanyunyizie maji ukiyapokea. Wimbi iko kwenye mfuko wa bluu. Niliifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Subiri mvua ishike ndipo uimwage, na usiifukie sana.

Kwetu wimbi inavunwa Julai. Agosti Mabonga atakuja kuangalia kama mlivyokubaliana. Ukiona mambo hayaendi, usisubiri Agosti kwa sababu ya aibu. Funga mizigo uje. Hakuna atakayekucheka, na atakayecheka atanijua.

Mama yako,
Edinah

*

Ziwa
20 Aprili 2025

Mama,

Pasaka njema. Mzigo ulifika, ingawa Bethwel analalamika kwamba marando yalimlowanisha suruali akafika Moi's Bridge watu wakimtazama vibaya. Nilimpa chai akasamehe.

Njugu ziko ardhini na marando yameshika. Viazi vya Mama Mwihaki tulivipanda pamoja naye, akiwa ananisimamia mgongoni na kunirudisha kila nilipokosea nafasi. Anasema mimi napanda viazi kama mtu anayeficha kitu.

Wimbi niliionja kwanza, kama ulivyonifundisha, kwamba mbegu huonjwa kabla ya kuwekwa chini. Nilipoionja nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni kwa muda. Nilikukumbuka sana siku ile. Halafu Diana akaja kuuliza mbona nimekaa, nikainuka tukaendelea na kazi. Sasa kipande cha kando ya kisima kimepandwa chote, na tunangoja.

Mama, macho yako yanaendeleaje? Nauliza tu. Kwa umri wako mtu anaweza kushika mfuko huu akidhani ni ule, na hakuna ubaya wowote wala lawama. Mwezi wa Juni watu wa macho watakuja kanisani kwetu kutoka Eldoret. Ukitaka nitakuandikisha jina, na utalala hapa kwetu.

Diana amepoteza jino na anataka ujue.

Nasike

*

Kimilili
11 Mei 2025

Nasike,

Macho yangu ni mazima. Juzi nilimwona Mabonga akichota sukari yangu, yeye akiwa jikoni na mimi nikiwa kule kwa zizi. Sijui umetoa wapi maneno ya macho. Usiniandikishe popote.

Hukuniambia kama wimbi imeota. Umeniandikia habari za suruali ya dereva na jino la mtoto, lakini wimbi ukaiacha hewani. Imeota? Kama haikuota niambie tu. Ardhi ngeni ni ardhi ngeni, na mtu akikataliwa na ardhi hiyo si aibu yake. Wanaume wenye trekta wameshindwa, sembuse wewe na jembe.

Kitanda kile kidogo cha Wabuge nimekitoa stoo, nikakipaka vanishi. Kimekuwa kizuri. Diana ataenea vizuri mpaka afike darasa la sita.

Njugu zikianza maua, zipandishie udongo.

Mama yako

*

Ziwa
8 Juni 2025

Mama mpendwa,

Wimbi yako imeota. Nisamehe kwa kukuacha ukingoja. Imeota yote, imejaa kama ukoka, na kila asubuhi Diana anaenda kuisalimia kabla ya shule. Anawaambia wenzake kwamba ile ni wimbi ya kukhu wake kutoka Kimilili, na wakimuuliza kukhu ni nini anawajibu kwamba ni nyanya. Asante sana kwa mbegu.

Sasa tuko kwenye kupalilia na umenijia akilini kila siku, maana hii kazi ni yako. Wimbi changa na magugu ya wimbi ni mtu na pacha wake. Mama Mwihaki alikuja kunisaidia kwa moyo mweupe kabisa. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameng'oa mstari mzima wa wimbi na kuacha magugu yamesimama safi, naye anajipangusa jasho akiniambia, "Umeona kazi?" Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Njugu zina majani mazuri na maua ya manjano. Marando ya viazi vitamu yanatambaa lakini nikifukua chini naona mizizi membamba. Viazi mviringo ndivyo vinavyopendeza kuliko vyote kwa sasa, na mwenye mbegu hakosi kunikumbusha.

Nilikutana na mwanamke mmoja wa Kiplombe anaitwa Betty. Ana mashine ya kusaga unga wa uji na anawauzia watu wa Eldoret mjini. Anasema wimbi anaitoa mbali sana, na kama ningekuwa nayo angeichukua yote. Sikumwahidi, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu Wabuge atuache.

Asubuhi huku ni baridi ya kuuma masikio. Wewe jifunike vizuri. Na tena, asante kwa mbegu, Mama.

Nasike

*

Kimilili
6 Julai 2025

Nasike mwanangu,

Barua yako ya Juni imenikaa kifuani. Ndiyo sababu nimechelewa kujibu.

Unasema wimbi yangu imeota. Nilipanda kwenye kigoda, nikaangalia mifuko yangu juu ya meko, nikashuka. Nikakaa. Basi ukisema imeota, imeota.

Usinishukuru tena kwa mbegu. Katika karatasi moja umenishukuru mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Sasa sikiliza kazi. Magugu ya wimbi shina lake limebapa chini, na limenyooka sana kama mtu mwenye kiburi. Ukilishika kwa vidole utahisi. Usiangalie kwa macho, shika. Mama Mwihaki umpe kazi ya kuchota maji.

Yetu hapa imeanza kuiva. Yako imefika wapi? Mabonga atakuja katikati ya Agosti na ameshamtafuta mtu wa kununua, hilo nalikwambia ili usishtukizwe. Amesema atamleta aangalie mipaka.

Mwambie Diana kukhu wake anamsalimu sana. Na umwambie ile wimbi ni ya mama yake.

Edinah

*

Ziwa
17 Agosti 2025

Mama,

Shemeji Mabonga alikuja Alhamisi na yule mnunuzi. Najua ameshafika na ameshasema, lakini nataka usikie na kwangu.

Aling'oa njugu mbele yangu. Majani mengi, na chini maganda matupu, hata ya kumpa kuku hakuna. Baridi imezikataa. Viazi vitamu ni kamba tu, ng'ombe ndiye atakayefaidi. Viazi mviringo vilikuwa vizuri mpaka mvua ya Julai, ikaja na doa jeusi kwenye majani, na nusu vimeoza. Mama Mwihaki alilia kuliko mimi. Anasema tulichelewa kupanda, na mwakani tutangulie mvua. Nilimjibu kwamba mwakani haipo.

Halafu tukafika kwenye wimbi. Mama, ni nzuri, imenifika kiunoni, lakini haijatoa hata kichwa kimoja. Imekaa kijani tu. Shemeji aliizunguka mikono ikiwa mfukoni, akasema, "Kwetu watu wameshavuna na kusaga. Hizi ni nyasi." Mnunuzi akacheka. Mimi mwenyewe usiku nimekuwa nikijiuliza kama ni kweli.

Amesema kikao kitakuwa mwisho wa mwezi huu, na niwe tayari kuhama shule zikifungwa.

Sina ugomvi na yeyote. Najua kaburi la Wabuge liko kwenu na ninyi mnataka tuwe karibu nalo. Lakini huku ndiko aliko kwangu. Huu ua aliufunga yeye, akafunga vibaya, na kila nikiurekebisha nasikia nikimgombeza. Kile kisima alikichimba mpaka maji yakamfika magotini ndipo akaniita nione. Kimilili mimi ni mjane wa Wabuge. Huku bado ni mke wake. Sitaki kuondoka, Mama. Nimejaribu kuliandika hilo kwa njia ya adabu nikashindwa.

Kama kikao kitaamua, nitatii.

Nasike

*

Kimilili
31 Agosti 2025

Nasike,

Kikao kilikuwa jana. Kaa chini usome.

Mabonga alianza. Akasema njugu, akasema viazi, akasema nyasi. Akasema, "Hata mbegu ya Mama mwenyewe imekataa kule, sasa tungoje nini?" Watu wakatikisa vichwa, na Mzee Kituyi akashika fimbo yake kama anavyofanya akitaka kufunga maneno.

Nikasimama. Nikasema, "Mbegu niliyompa huyu mtoto ilikuwa kimea."

Fimbo ya Mzee Kituyi ikarudi chini. Hata wanaume wanajua kimea, ingawa wao wanakijua kikiwa ndani ya mtungi. Wimbi ikishalowekwa, ikaota, ikaanikwa jua kwa ajili ya pombe ya busaa, imemaliza safari yake. Haioti mara ya pili. Ni kile kimea kilichobaki cha kumbukumbu ya Wabuge, kile tulichokianika mimi na wewe.

Mzee Kituyi ni mtu mpole. Akaniuliza kama ni macho, kama labda nilikosea mfuko. Mabonga naye akadakia kwamba ndiyo, Mama siku hizi haoni vizuri. Nikawaambia macho yangu ni mazima. Nilijua ninachokifunga.

Nilitaka urudi, Nasike. Sikuwa na chuki, na nyumba ilikuwa kimya. Siku mlipopanda gari baada ya kumbukumbu, wewe na mtoto, niliona kama nazika tena. Nikafikiri, wimbi ikikataa atakuja mwenyewe, hakuna atakayemlazimisha, na mimi sitakuwa nimesema neno baya. Halafu ukaanza kuniandikia kwamba imeota. Ukanishukuru. Mtoto akaisalimia asubuhi kwa jina langu. Hakuna fimbo niliyowahi kuchapwa iliyoniuma hivyo.

Basi nikawaambia: mtu aliyepewa na mama mkwe wake mbegu iliyokufa, na bado ana shamba la kijani linalomfika kiunoni, ninyi mnasema ameshindwa? Na kuhusu kuchelewa, nilikuwa nimemuuliza Bethwel. Nyanya yake alilima wimbi huko kabla mahindi hayajaja, na huko kwenye baridi haikuwahi kukatwa kabla ya Novemba. Sisi tulikuwa tunaipimia kwa kalenda ya Kimilili. Wewe na mimi na Mabonga, sote tumekosea hapo, na hapo peke yake mimi nilikosea kwa bahati mbaya.

Umepewa mpaka Novemba. Tutakuja wote, na mimi ndiye nitakayeangalia.

Sijui utaniitaje kuanzia leo. Ukiniita Mama nitaitika.

Edinah

*

Ziwa
14 Septemba 2025

Mama,

Mama. Nimeandika mara mbili ili uitike vizuri.

Nilijua. Nilijua tangu siku ile kwenye kizingiti cha jikoni. Mbegu haina utamu, na ile ilikuwa tamu kama tuliyoionja Desemba mimi na wewe tukiianika kwenye magunia. Nikatafuta ile mizizi midogo ya kimea sikuiona, ilikuwa imepepetwa yote. Sisi kimea tunakisaga na mizizi yake. Nani atakipepeta hivyo kwa bahati mbaya?

Nililia, sitakudanganya. Nilikasirika mpaka nikataka kukupigia simu, spika au hakuna spika. Lakini jioni nilifungua tena ule mfuko, nikafikiri, huyu mama amenipa kimea alichomlowekea mwanawe kwa mikono yake. Ungeweza kunipa wimbi ya zamani iliyoliwa na wadudu, ningefikiri ni bahati yangu. Ulinipa kile ambacho mimi na wewe peke yetu tungekitambua. Nikaona huyu hanifukuzi, ananiita.

Lakini sikutaka kuitwa hivyo. Basi nikaenda sokoni Ziwa, nikanunua mbegu kwa mama mmoja mzee anayepimia kwa kibuyu, nikaipanda. Na nikakuuliza macho ili uwe na mlango wa kutokea. Ungeniambia tu kwamba macho yamechoka, tungeyamaliza hapo. Ukaukataa mlango. Ukaukataa tena mbele ya Mzee Kituyi. Wabuge alikuwa hivyohivyo, na sasa najua alikotoa.

Kimea chako hakijatupwa. Kiko kwenye mkebe wa mabati juu ya meko yangu, kikavu kabisa.

Na wimbi imetoa vichwa, Mama. Wiki hii. Diana ndiye aliyeviona kwanza, akaja mbio na kiatu kimoja. Njoo Novemba uone mwenyewe.

Mkaza mwanao,
Nasike

*

Kimilili
30 Novemba 2025

Nasike mwanangu,

Tumefika salama. Mabonga alilala njia nzima mdomo wazi, na Mzee Kituyi anasema mgongo unamuuma lakini anasema kwa furaha, kwa hiyo si mgongo, ni majivuno ya kazi aliyofanya.

Nataka kukwambia nilichokiona, maana pale shambani nilishindwa kusema. Tulipopita ule ua mbovu wa mwanangu, niliona wimbi imesimama kahawia mpaka kwenye kisima, vichwa vimejikunja kama vidole vya mtoto aliyelala. Nilikuwa nimekuja kuangalia, ndivyo nilivyowaambia watu. Niliangalia mara moja tu, macho yakajaa, na ndiyo mara ya kwanza mwaka huu macho yangu hayakuona vizuri.

Mabonga alisimama na mikono yake mfukoni. Halafu ulipoanza kukata, na mimi nikachukua kisu, na Mama Mwihaki naye akapewa kikapu abebe tu asikate kitu, nikamsikia Mabonga akimuuliza Diana visu vingine viko wapi. Hilo litatosha kama msamaha. Kwake ni hotuba ndefu.

Halafu ile busaa. Sikujua unanipikia nini mpaka nilipoonja. Unga wa mahindi ya jirani, na kimea changu. Kimea hakiwezi kuota, lakini bila kimea unga unabaki uji tu. Mzee Kituyi alipomwaga kidogo kando ya kisima na kumtaja Wabuge, niliona kwamba kile kimea kimefika mahali nilipokuwa nimekikusudia tangu mwanzo, ila kilizunguka. Shamba haliuzwi. Alilisema akiwa na kikombe mkononi, na mashahidi walikuwa wengi.

Yule Betty wa Kiplombe ni mwepesi. Alikuwa amefika na magunia yake kabla hatujamaliza kupura. Njugu ziache kabisa. Viazi mviringo uvitangulize kama jirani yako anavyosema, na viazi vitamu upande kidogo kwa ajili ya ng'ombe. Wimbi ipe hata kile kipande cha njugu. Nitakuja wakati wa kupalilia nikae mpaka iishe. Nyumba hii itafungwa kwa kufuli, na kuku watapungua uzito.

Kitanda bado kina vanishi yake. Krismasi mlete Diana alale hata siku chache.

Kuna jambo moja lilinishinda mdomoni. Nilitaka kukuomba mbegu ya ile wimbi yako nipande hapa. Nilisimama mlangoni kwako nikiwa na mfuko mtupu ndani ya kikapu, nikaaga, nikaondoka nao. Mama mkwe kumwomba mke wa mwanawe mbegu ni kama kupindua dunia, na mwaka huu sina haki ya kuomba mbegu kwa mtu yeyote, kwako zaidi. Sasa naomba kwa karatasi, mahali ambapo hunioni uso.

Mama yako,
Edinah

*

Ziwa
7 Desemba 2025

Mama mpendwa,

Krismasi tutakuja wote wawili. Diana ameshaanza kufunga nguo zake na kuzifungua.

Mbegu imetangulia na Bethwel. Nilikuona mlangoni na ule mfuko mtupu, nikangoja useme, wewe nawe ukanisifia kufuli la mlango. Nimekuchagulia vichwa vilivyokuwa karibu na kisima, nikavipura mbali na vingine. Iko kwenye mfuko wa bluu, uleule. Niliifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Ionje kabla ya kuipanda, Mama. Haina utamu hata kidogo.

Nasike